Moniteur Mbili za Chumba cha Isaïe

Habari hii niliambiwa na Mama Virginie mwenyewe, kwenye matanga ya Papa Émile, tulipokuwa tumekaa mkekani tunachambua mchele wa wageni. Vita ilikuwa imekwisha zamani. Vijana walikuwa wamefungulia bafle kubwa uani, zile spika za muziki, na basi yake, ile sauti nene ya chini, inagonga mpaka vifuniko vya sufuria vinalia, na yeye akaniinamia sikioni akasema hizo bafle haziamini hata kidogo. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunisimulia, na mchele ukatushinda mpaka wengine wakaja kuumalizia.

Ilikuwa mwaka uliofuata vita ya siku sita, pale majeshi ya kigeni yalipopigania mji wetu kama vile hatumo ndani. Mto ulikuwa umefungwa. Meli za Kinshasa hazikupanda tena, na chumvi, sabuni, viberiti, vyote vilikuja kwa ndege kutoka mashariki. Virginie alikuwa Munande wa Lubero, kule mashariki. Alikuja Kisangani na mume wake kuuza vitenge, mume akafa, yeye akabaki mtaa wa Kabondo na wana wake wawili, Dady na Franck.

Nasema wawili, lakini Dady alikuwa ameshaondoka.

Zamani kwetu moniteur alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, yule anayekushika mkono uandike a. Lilikuwa neno la heshima. Vita ilipoingia, neno likapata mwenyewe mwingine. Mtu mmoja alianza kukusanya vijana wa mtaa asubuhi kwenye uwanja wa mpira, akawakimbiza na vipande vya mbao mabegani, nao wakamwita moniteur. Wazazi walisema afadhali mazoezi kuliko lotoko, ile pombe kali. Siku moja ikaja kamio, lori la askari, vijana wakapanda wakiimba, Dady kati yao, na tangu pale hapakuja salamu wala habari. Basi hilo neno likitajwa mbele ya Virginie, mate yalimkauka mdomoni.

Akabaki na Franck, ambaye ndevu zilikuwa zinaanza kumtoka. Franck aliimba kwenye korali ya parokia, na kiongozi wa korali alikuwa Isaïe, jirani yao wa nyumba ya tatu. Isaïe alikuwa mtu wa Yanonge, watu wa mto, mrefu, mpole, anayezungumza kama anaogopa kuamsha mtoto. Virginie alikuwa amemwamini kabisa, mpaka siku alipoanza kuziba chumba chake cha nyuma.

Kwanza aliziba dirisha kwa magunia ya kahawa. Halafu kuta zote, magunia juu ya magunia. Halafu mlangoni akatundika blanketi nzito, na nyuma ya blanketi nyingine. Vijana waliingia mle baada ya shule na kutoka jua likizama, na ukipita nje husikii kitu. Virginie alijiuliza: watu wa kuimba, mbona wanajificha ili wasisikike? Alimwuliza Franck wanafanya nini mle ndani. Franck akajibu ni mambo ya korali, huku akiangalia vidole vya miguu yake.

Kisha akaona kitu kingine. Franck alikuwa ameshona viatu vyake. Si kuvipaka rangi, la, alivishona kwa waya na kuviwekea nyayo za mpira wa gari, viatu vya mtu mwenye safari. Akamwuliza anakwenda wapi. Akasema hapana mahali.

Siku moja alichukua lituma, ndizi za kuponda, na kipande cha samaki akampelekea mwanawe kule kwa Isaïe, lakini chakula kilikuwa kisingizio tu. Blanketi ya nje ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya joto. Alisimama na sahani yake, akamsikia Isaïe anawaambia vijana:

"Tunapasha kupata moniteur mbili. Ya kidogo, ya bei ya chini. Kubwa hapana. Chumba iko ndogo, kubwa italeta fujo, itasikika mpaka kwa baaskari. Moja nitaweka huku, ingine kule, na miye katikati. Na iwe ya kusema kweli. Ya kutudanganya tumeshachoka nayo."

Wenye Kiswahili cha vitabu wangesema wawili kama ni watu, na mbili kama ni vitu, mambo yakaisha palepale. Kwetu mbili ni mbili, wawe watoto, ziwe sufuria. Ndogo ni ndogo. Ya bei ya chini inaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa askari aliyeishiwa. Virginie aliweka sahani chini polepole isilie, akarudi nyumbani bila kumwita mtu.

Alikaa jikoni akiyapanga yale maneno. Moniteur wawili. Vijana wadogo, huenda, ili wasijulikane mtaani. Mmoja huku, mmoja kule, na Isaïe katikati kama mkubwa wao. Chumba kisichotoa sauti. Viatu vilivyoshonwa. Kila neno lilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililomtisha. Aliona kwamba Franck atakwenda kama Dady alivyokwenda, naye atabaki na vitanda viwili vitupu.

Hakwenda kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Siku zile, ukipeleka jina la mtu kwa wakubwa, hujui litafika wapi, na jina la mwanao hupita mlango uleule. Alikwenda sokoni kwa Augustin, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye alipokea mizigo kutoka Butembo na kuuza kila kitu kinachoweza kubebwa. Alitaka amtafutie Franck nafasi kwenye ndege ya mizigo, arudishwe kwa wajomba kabla mambo hayajaharibika.

Augustin alikuwa anafunga mabando ya nguo kuukuu. Aliuliza kuna nini. Virginie akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Isaïe anatafuta moniteur.

"Minajua, yaya," Augustin akamjibu dada yake mkubwa bila kuinua kichwa. "Alikuya hapa. Ni miye nitamupatia."

Virginie akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Weye?"

"Niko nayo mbili kubwa, nyeusi, mupya. Hataki. Mutu ya matata sana, yule. Bon, ndogo pia iko, lakini ile ilishafanya kazi kwingine."

"Ilifanya kazi wapi?"

"Bunia. Kwa redio."

Virginie akafikiri redio za askari, zile phonie. Alimwangalia huyu mdogo wake aliyemlea mgongoni kule Lubero, ananenepa kila mwezi wakati watu wanakonda, akamwuliza mtoto mmoja siku hizi wanamnunua kwa bei gani.

"Mutoto gani?"

"Weye ndiye unajua. Dady alikwenda bei gani?"

Augustin aliacha kamba. Hakuwa mjinga: akaenda nyuma ya duka na kuondoa turubai. Palikuwa na masanduku mawili makubwa meusi yenye taa za rangi, na karibu yake mengine mawili madogo ya rangi ya majivu, kona zimekwaruzika.

"Moniteur," akasema. "Hizi hapa. Banasalimia weye."

Kisha kicheko kikamshika, akalishikilia bando la nguo asianguke. Alicheka mpaka jirani wa sabuni akachungulia. Virginie hakucheka. Alisema hizo ni bafle, na kama ni bafle kwa nini Isaïe asiseme bafle kama Mkristo. Augustin akafuta macho akaeleza alivyoelezwa yeye. Bafle ni ya kufurahisha watu kwenye baa. Moniteur kazi yake ni kusimamia wimbo. Ukitengeneza kaseti, unasikilizia humo, ikuonyeshe palipopotea, kama vile mwalimu anavyokuonyesha herufi uliyoigeuza. Isaïe alikuwa na mashine ya kurekodi kwa kaseti na mikro moja, na magunia yale yalikuwa ya kuzuia sauti isirukeruke ukutani. Alitaka kutoa kaseti ya korali.

Mtu mwingine angepumua. Virginie alimfahamu Augustin vizuri: angeweza kukuuzia gunia la chumvi lenye mchanga katikati na kukuapia kwa marehemu mama yake. Tena masanduku hayakumweleza habari za viatu. Akamwambia siku ya kwenda kuyajaribu naye atakuwepo. Augustin akasema karibu, atakuwa na shahidi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Umeme ulirudi mchana, na Augustin akafika Kabondo na toleka mbili, zile baiskeli za kubeba abiria, masanduku yamefungwa kwenye viti vya nyuma kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali, mwenyewe akitembea pembeni na kuwagombeza wenye baiskeli kila shimo. Ndani ya chumba walikuwa Isaïe, Franck, na Hilaire, mpiga gitaa, mwana wa Mama Germaine. Virginie akapewa kigoda karibu na mlango. Harufu ya kahawa iliyolala ilimwingia puani, na sauti yake mwenyewe aliposalimia ilimfia mdomoni, kama mtu anayeongea kifudifudi kwenye godoro. Hakukipenda kile chumba.

Mle ndani hakuna aliyemwamini mwenzake. Isaïe alizungusha kila sanduku, akanusa kwa nyuma kama kuna kitu kilichoungua, akasukuma ile karatasi ya mbele inayotoa sauti kwa ncha za vidole, taratibu, akitegea kama inakwaruza. Augustin alikuwa anatazama vidole hivyo, akiogopa vitatoboa kitu halafu mtu aseme kilikuja kimetoboka. Franck alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake anamtazama Franck.

Isaïe alikuwa amegeuza vinu viwili kichwa chini, kimoja cha mke wake na kimoja cha kuazima, akaweka masanduku juu ili sauti itokee usawa wa masikio. Aliyasogeza mbali na ukuta, kwa sababu, alivyosema, kwenye chumba kidogo ile basi hulala kwenye kona kama maji ya mvua. Yeye mwenyewe akakaa mbele, hata masanduku na kichwa chake vikawa kama mafiga matatu. Akatia kaseti waliyorekodi Jumamosi iliyopita, Franck akiwa mwimbaji wa mbele. Alisema kwa kaseti mpya hujui nani ana kosa. Kaseti yako unaijua ilivyo, hivyo ikibadilika, aliyebadilisha ni sanduku.

Zikaanza zile kubwa. Yaani, Virginie aliniambia, moyo wake ulitoka mahali pake. Sauti ya mtoto wake ilikuwa nene, pana, sauti ya baba mwenye nyumba. Ile basi ilimpitia kwenye kigoda mpaka kifuani. Alitaka kulia, akajizuia kwa sababu Augustin alikuwa anamtazama kwa ule uso wa muuzaji ambaye samaki wake amemeza ndoana.

"Unasikia, yaya? Hapa Franck iko mutu kamili."

Lakini Isaïe alikuwa ameona mkono wa Augustin unarudi kutoka kwenye kitufe cha sauti. Akamwomba, kwa upole wake wote, akae kule mbali na mashine. Akasema kitu kikipandishwa kidogo tu, kila sikio hukiona kizuri zaidi. Wenye baa wanajua, wauzaji nao wanajua. Alishusha mpaka ikawa sawa na watu wanaozungumza, akafunga waya kwenye zile ndogo, na kuziweka kwa kipimo hichohicho.

Zile ndogo zilikuwa maskini. Wimbo ulikauka kama shamba la kiangazi. Gitaa la Hilaire likasikika lina waya mmoja uliolegea. Franck akasikika anakosa pumzi mwishoni mwa kila mstari na anameza mate. Augustin akasema, alors, hizi ziko na homa, hata yeye anaona haya kuziuza. Isaïe alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu, maana yale makosa alikuwa hajayasikia tangu aanze kurekodi.

Ndipo akasema anataka kurudi mwanzo wa kaseti. Kabla ya wimbo kulikuwa na kitu kinamsumbua, kwenye redio yake ya nyumbani kilikuwa kama upepo, na kwenye zile kubwa kilikuwa mngurumo tu. Anataka kujua ni nini.

"Hakuna kitu pale, papa Isaïe," Franck akasema. "Ni kiti."

Alisema upesi mno. Virginie akamwona anasogea upande wa waya uliochomekwa ukutani, na Hilaire anaangalia mlango. Akanyanyuka na kigoda chake, akakaa palepale mbele ya ule waya, akakunja kitenge chake vizuri miguuni.

"Cheza," akamwambia Isaïe.

Isaïe hakujua anachezesha nini. Kaseti ikazunguka. Pakawa na mvumo, mguu wa mtu, halafu sauti ya Hilaire, ya chini, ya mtu asiyejua mikro imeshafunguliwa, ikiuliza kama ni Alhamisi kweli. Kisha sauti ya Franck, karibu kabisa, kama vile ameweka mdomo kwenye bega la mama yake:

"Alhamisi, asubuhi mapema. Moniteur atatungoya kwa njia ya Bafwasende. Mama asijue."

Halafu gitaa likaanza, na korali ikaingia kwa furaha.

Isaïe akazima. Hilaire akaanza kulia waziwazi, kijana mzima, akasema yeye hakutaka, alikuwa anamsindikiza tu.

Alhamisi ilikuwa kesho.

Virginie hakupiga kelele. Alimwuliza Franck ni moniteur gani. Franck akasema yuleyule. Yule wa uwanja wa mpira. Amerudi, na amemwambia Dady yuko Bafwasende, mzima, ni mkubwa wa watu, anamtaka mdogo wake. Franck alikuwa anakwenda kumleta kaka yake. Angemleta nyumbani, mama asingekaa tena jikoni bila kuwasha taa.

Hapo Virginie na yeye alitamani kuamini. Ingekuwa rahisi namna gani. Dady mzima, mahali penye jina, mahali unapoweza kufika kwa miguu. Lakini alikuwa mtu wa sokoni, akafanya kama anavyofanya na kitenge kizuri kupita kiasi: akakisugua.

"Alikuambia Dady iko namna gani?"

Franck akasema moniteur alisema amekuwa mrefu, mnene, anawaimbisha wenzake jioni.

"Anaimba?"

Dady hakuwahi kuimba. Hata kanisani alifungua mdomo tu ili baba yake asimfinye. Kila mtu wa mtaa alilijua hilo, na Franck kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akimcheka.

"Minajua, mama," akasema mwishowe. "Siku ile ile nilijua. Lakini niliendelea kumusikiliza."

Virginie alimwambia Isaïe afute yale maneno kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana kaseti hiyo ikimfikia askari yeyote wa upande wowote itakuwa msiba wa nyumba zote. Isaïe akarudisha kaseti, akarekodi ukimya juu ya sauti ya Franck. Kisha akaicheza tena kwenye zile ndogo, mara mbili, Virginie akiwa ameinamisha sikio, mpaka akaridhika kwamba hakuna mtu mle. Isaïe akamwambia Augustin zile nyeusi azirudishe. Ndogo zibaki hapo zilipo, juu ya vinu. Augustin hakubishana bei. Alibeba sanduku moja mwenyewe mpaka nje, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Virginie akamshika Hilaire mkono akampeleka kwa Mama Germaine, akaeleza yote mlangoni bila kukaa. Mama Germaine alimwingiza mwanawe ndani, na ubao ukasikika ukipitishwa nyuma ya mlango.

Nyumbani walikula sombe iliyobaki, yale majani ya muhogo. Umeme ulikuwa umekatika tena, na baada ya saa ya askari hakuna aliyetembea. Virginie akatoa godoro lake chumbani akalitandika mbele ya mlango, akalala hapo urefu wake wote, hata panya ingembidi aombe ruhusa. Viatu vya Franck aliviweka chini ya kichwa chake. Franck akasema si lazima, haendi. Akajibu vizuri, alale basi.

Hakumwamini. Alimsikiliza. Alijua pumzi ya mtu anayejifanya amelala, ni nadhifu mno, inakwenda kama saa. Ya Franck ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Halafu katikati ya giza mtoto akasema:

"Mama, na kama iko kule kweli?"

Alikuwa ameogopa swali hilo tangu mchana, kwa kuwa hata yeye alikuwa analigeuza.

"Kama iko kule," akasema, "anajua njia ya nyumba."

Kitanda kililia, kikanyamaza. Baadaye pumzi yake ikaanza kukatika hovyo, ikakwama, ikakoroma, ikapotea na kurudi, pumzi ya mtu ambaye hajisikilizi. Jogoo wakawika Kabondo yote. Kengele ya parokia ikalia, nje toleka wa kwanza wakapita wakipiga kengele zao, mwanga ukaingia chini ya mlango na kumfikia Virginie shingoni. Saa ya kungojewa kwenye njia ya Bafwasende ikafika, ikapita, na Franck alikuwa bado kitandani, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia sakafuni. Virginie akautazama ule mkono mpaka akawa na hakika. Kisha, wakati majirani wanafagia nyua zao, naye akalala.